Mrejesho: Chakula cha wageni wa kutazama matokeo ya uchaguzi

Ndugu zangu, nawashukuru kwa ushauri mlionipa nilipouliza niwapikie nini wageni wa kambi zote mbili, ya William Ruto na ya Raila Odinga, watakaokuja kwangu Nairobi kufuatilia matokeo ya urais ya 2022. Niliachana na vyakula vya rangi za vyama, kwa kuwa sahani ya manjano, rangi ya UDA, chama cha Ruto, mbele ya mfuasi wa Azimio, muungano wa Raila, ingekuwa uchokozi, nikapika githeri, yaani mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, kwa kumkumbuka mpiga kura aliyepigwa picha akiila folenini mwaka 2017. Kura zilipigwa tarehe 9 Agosti na matokeo yakatangazwa tarehe 15, kwa hiyo mahindi na maharagwe yaliyokwisha kuchemshwa niliyaweka kwenye friji, nikawa nakaanga kiasi cha jioni moja tu, kwa vitunguu, nyanya na dania nyingi.