Yogati hii imetosha kuuzwa, au ninunue mashine kwanza?

NyotaBahati

Hamjambo wadau. Naomba ushauri kwa wanaojua maziwa na wanaojua hesabu.

Natengeneza yogati huku Bahati, Nakuru. Maziwa lita 40 kwa wiki, sufuria mbili za lita 20, napata vikombe 150 vya mililita 250. Maduka sita ya mitaa ya Free Area na Section 58 yanachukua kwa shilingi 40 na kuuza 50. Kila kikombe kinanigharimu kama 30 nikijumlisha maziwa, sukari, kimera (vijidudu vya kugandishia), ladha, gesi, kikombe na stika. Boda ni 300 kwa safari, safari mbili kwa wiki. Leseni ya Bodi ya Maziwa ninayo, cheti cha afya ninacho, alama ya KEBS, shirika la viwango, ndiyo naanza kuifuatilia.

Wiki iliyopita vikombe 11 vilirudishwa, vina maji ya kijanikijani juu. Ladha hawalalamikii. Akiba yangu ni 210,000, na kuna mashine ya kuchemshia lita 200 nimetajiwa 165,000. Shemeji anasema bila mashine nacheza tu. Mwenzangu wa chama anasema yogati iko sawa, maji ni kawaida, niongeze maduka. Nitajuaje kwamba imefika?

Karani58

Dada, anza na kikombe kinachorudi kabla hujaiwaza mashine. Kinachouzwa kinakuletea 10. Kinachorudi kinakula 30. Kimoja kikirudi, vingine vitatu vimefanya kazi bure.

Weka wiki yako kwenye karatasi. Vikombe 139 mara 10 ni 1,390. Toa 11 mara 30, yaani 330, inabaki 1,060. Toa boda 600. Umebaki na 460. Kama hakuna kilichorudi ungebaki na 900. Hayo "maji ya kawaida" ya mwenzako wa chama yamekunywa karibu nusu ya faida, na jasho lako bado hatujalilipa.

Sasa tafuta mahali biashara inapokufa. Boda ukiigawa kwa vikombe 150 ni shilingi 4 kwa kikombe, kwa hiyo kwenye ile 10 unabaki na 6. Kila kinachorudi kinakupotezea 40: ile 10 uliyoikosa na 30 uliyoitumia. 6 kwa 40 ni asilimia 15. Vikirudi 22 au 23 kati ya 150, unajitolea tu. Sasa uko kwenye asilimia 7.

Mimi ningeandika ukutani asilimia 2, vikombe 3 kwa wiki. Hapo unabaki na 780, na hapo ndipo unaruhusiwa kutafuta duka la saba. Kutoka 3 kwenda 0 kutakuongezea 120 kwa wiki. Hiyo 120 usiikimbize kwa kifaa cha zaidi ya laki.

Fundi_wa_Maziwa

Matone mawili matatu pembeni mwa kikombe ni sawa. Kidimbwi juu si sawa, hiyo ni yogati iliyoshindwa kushika maji yake.

Mshukiwa wa kwanza ni joto. Kama shida ingekuwa kuua vijidudu peke yake, nyuzi 72 kwa sekunde 15 zingetosha. Maziwa ya yogati tunayapeleka 85 na kuyashikilia hapo dakika 30 kwa sababu nyingine: zile protini zinazobaki kwenye maji ya maziwa zinafunguka na kujishika kwenye kaseini, protini kuu ya maziwa, na mtandao huo ndio unaofunga maji. Ukiishia 75 au 78 yogati itaganda vizuri, itapendeza mdomoni hapo jikoni, halafu siku ya tatu ikiwa dukani inaanza kulia, yaani kutoa maji.

Baada ya hapo poza hadi 43 ndipo utie kimera. Ukitia kwenye 47 au 48 utakidhoofisha, na joto kubwa wakati wa kuganda hukaza yogati hadi ikajikamua. Itoe kwenye joto pH (kipimo cha uchachu) ikifika 4.6, kwa kawaida saa 4 hadi 6. Ukiisahau usiku kucha ikashuka chini sana, maji utayaona asubuhi. Kisha iache kwenye friji saa 12 bila kuguswa. Yogati yenye uvuguvugu ikipandishwa boda kwenye barabara ya vumbi, mgando unapasuka kabla haujakomaa, na hakuna kitu cha kuuziba tena.

Maziwa yenyewe yapime kwa laktometa, kile kipimo cha uzito wa maziwa, yakiwa na nyuzi 20. Isome kati ya 26 na 32. Chini ya hapo umeuziwa maji ya mto. Sufuria ikikataa kabisa kuganda, muulize mfugaji kama kuna ng'ombe aliyedungwa dawa ya kiwele wiki hiyo, maana dawa inayoua vijidudu vya kiwele inaua na kimera.

Wengi watakwambia uongeze maziwa ya unga, gramu 20 kwa lita. Inasaidia kweli. Lakini kwa unga wa shilingi 900 kilo hiyo ni 18 kwa lita, karibu 5 kwa kikombe. Umetoa nusu ya faida yako kufunika kosa usilolijua. Jelatini nayo vivyo hivyo, na wateja Waislamu watataka kujua imetoka kwa mnyama gani.

Swali langu: unapima joto kwa kifaa gani, na unajuaje kinasema kweli?

NyotaBahati

Asante sana. Ni kipimajoto cha dijitali, kile cha kuchomeka. Kina kasoro ndogo: maji yakitokota kinasoma 94 badala ya 100. Nimekizoea, naongeza 6 tu. Kikisoma 79 najua ni 85, nahesabu nusu saa, nazima gesi.

Fundi_wa_Maziwa

Tumempata mwizi!

Kipimajoto chako huenda ndicho kitu kisemacho kweli kuliko vyote jikoni mwako. Mji wa Nakuru uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kwa mwinuko huo maji hutokota kwenye 94 hivi. Ile 100 ya vitabu ni ya Mombasa. Umekuwa ukipika yogati kwa 79 ukidhani ni 85.

Usiniamini mimi, amini barafu, maana kiwango cha kuyeyuka kwa barafu hakijali mlima. Ponda barafu, jaza kikombe, tia maji kidogo tu yajaze mianya, koroga, subiri dakika 2 au 3. Chomeka kipimajoto katikati bila kugusa chini wala ubavu. Kikisoma 0 hakina kasoro. Kikisoma 1 au 2, hicho ndicho cha kutoa kwenye kila kipimo.

JamaaWaKondele

Hapo ndipo mashine ingekudanganya. Ingekuja na kipimajoto chake, ungepika kwa 85 ya kweli, maji yangeisha, na ungeapa maisha yako yote kwamba ni ile 165,000 iliyofanya kazi.

Wa Kisumu wasinakili namba za Nakuru. Huku tuko kama mita 1,130, maji yanatokota kwenye 96.

Nina neno kuhusu asilimia 2 ya Karani. Wiki moja isiyo na kikombe kilichorudi haithibitishi mengi. Ukijaribu vitu 150 ukakosa hata kibovu kimoja, gawanya 3 kwa 150: unaweza kusema kwa uhakika wa asilimia 95 kwamba ubovu halisi hauzidi asilimia 2. Ila hesabu hiyo inataka kila kikombe kijitegemee, na vyako havijitegemei. Vilivyotoka sufuria moja huharibika pamoja. Kwa hiyo wewe wiki hii umefanya majaribio mawili, sufuria mbili. Nenda wiki 4, sufuria 8, bila kubadilisha chochote katikati. Andika kwenye mfuniko wa kila kikombe namba ya sufuria na mahali kilipokaa kwenye boksi la kugandishia, pembeni au katikati. Inawezekana kabisa vile 11 vilikaa ukutani mwa boksi, kwenye baridi.

Na weka tarehe ya mwisho. Baada ya wiki 4, kama vinavyorudi ni 12 au pungufu kati ya 600, ongeza duka. Usijipe wiki ya tano ya "kuboresha kidogo".

MamaShabab

Mmesahau friji ya dukani. Maduka mengi huzima friji usiku kuokoa tokeni za stima. Yogati inalala kwenye 15 au 18, inaendelea kuchacha, inajikamua, halafu asubuhi inarudishwa kwako kama kosa lako. Mpe kila mwenye duka vikombe, lakini weka na kipimajoto cha friji cha bei ndogo ndani ya friji mbili unazozishuku, upite saa 1 asubuhi kabla hajafungua biashara vizuri.

Kwa tarehe ya kuisha muda, kila sufuria ikitoka weka vikombe kando: vitatu kwenye friji yako, vitatu kwenye friji mbaya kuliko zote. Fungua kimoja kimoja siku ya 7, ya 14 na ya 21. Ukiona cha friji mbaya kimeharibika siku ya 14, andika siku 7. Stika ifuate friji mbaya, hata kama yako ni nzuri.

Lingine, na hapa sitanii. Ladha, rangi ya stika, uzito wa yogati, hayo unaweza kusema "imetosha". Alama ya KEBS na usafi hayana kutosha nusu. Kikombe kilichofungwa na kubandikwa stika hakifai kukaa dukani bila alama, na siku ya ukaguzi mwenye duka ndiye wa kwanza kukukana. Ila maliza hili la joto kwanza, ndipo sampuli ichukuliwe. Ukipeleka sampuli leo, halafu mwezi ujao ukatia unga au jelatini, viungo kwenye stika havitalingana na kilichomo kwenye kikombe. Kama unataka mtu wa kukupimia na kukufundisha kabla ya hapo, Chuo Kikuu cha Egerton pale Njoro wana mambo ya maziwa, na Naivasha kuna chuo cha serikali cha mafunzo ya maziwa. Zote ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo.

Karani58

Nakubali wiki 4. Sasa 210,000 isikae M-Pesa ikisubiri kushawishiwa. Hati za Hazina za siku 91, yaani kuikopesha serikali, unanunua mwenyewe kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa Benki Kuu, kuanzia 50,000, na riba yake inakatwa kodi ya asilimia 15. Weka huko 150,000, zilizobaki ziwe karibu kwa ajili ya KEBS, barafu na mambo ya ghafla.

Hiyo hati ndiyo rula ya kuipimia mashine. Tuseme baada ya kodi inakupa asilimia 8 kwa mwaka, uweke kiwango halisi siku ya kununua. 165,000 ingekuletea 13,200 kwa mwaka, kama 254 kwa wiki, ukiwa umelala. Mashine ikidumu miaka 8 inachakaa kwa 20,625 kila mwaka, kama 397 kwa wiki. Jumla 651. Kwa shilingi 6 zako kwa kikombe, mashine inataka vikombe kama 109 vya ziada kila wiki ili iwe sawa tu na kutoinunua.

JamaaWaKondele

Karani, umesahau sheria yako mwenyewe. Kwa asilimia 2 inayorudi, ile 6 inapungua kwa 0.80 (asilimia 2 ya ile 40), inakuwa 5.20. Ni vikombe 126, si 109. Na hapo hujamlipa dada.

Karani58

Umenishika. 126.

Kwa hiyo dada, mashine iulize swali moja: je, maduka yameniomba vikombe 280 kwa wiki na nimeshindwa kuvipika? Sufuria mbili za lita 20 ukizipika mara mbili kwa wiki ni lita 80, vikombe 300, bila kununua chochote zaidi ya gesi. Uhaba wako kwa sasa ni wa wanunuzi, si wa chuma.

NyotaBahati

Shemeji amesoma hapa, amenyamaza.

Nimeweka kipimajoto kwenye barafu kama mlivyosema. Kimesoma 0. Halafu 0.1. Halafu 0.

Fundi_wa_Maziwa

Basi ile 6 ifute. Kesho sufuria moja ipeleke 85 ya kipimajoto chenyewe, dakika 30, ya pili ipike kwa mtindo wako wa zamani wa 79. Maziwa ya mfugaji mmoja, kimera cha pakiti moja, boksi moja. Za 79 usizipeleke dukani. Weka vikombe vitatu vya kila sufuria kwenye friji mbaya, na siku ya 4 chukua sindano ya mililita 10 isiyo na ncha, nyonya maji yaliyoelea juu ya kila kimoja, uandike. Utuletee mililita hapa.