Naomba ushauri: mti wa Krismasi wa maboksi unapinda

Habari zenu wapendwa. Mimi na wanangu tunatengeneza mti wa Krismasi kwa maboksi yaliyokwisha tumika. Nimekata pembetatu mbili za sentimita 120, moja nikaipasua kutoka juu hadi katikati, nyingine kutoka chini, nikazipachika zikasimama zenyewe. Shida ni kilele, kinalala upande. Nahisi nilikosea kukata, maana mifereji ya ndani ya boksi imelala badala ya kusimama wima. Je, nikate upya, au nibandike tabaka la pili kwa gundi?

Halafu rangi ya maji imekunja kipande cha majaribio. Nipake pande zote mbili? Taa ni za LED tu, mishumaa sithubutu. Watoto wanausubiri kwa hamu, nisaidieni.