Mjadala: Je, mchoro wa gome la mti ni hati ya ardhi?

Mwenzetu aliyefungua mjadala huu anashikilia kwamba michoro ya magome ya Wenyeji wa Australia ni sanaa tu, na kwamba ukoo ukishauuzia makumbusho mchoro wake hauwezi tena kuutaja kama ushahidi wa umiliki wa ardhi. Sikubaliani naye, kwa kuwa anachanganya gome na kilichochorwa juu yake.

Kwa Wayolngu, Wenyeji wa Arnhem Land kaskazini mwa Australia, gome la mkaratusi huambuliwa majira ya mvua, linapobanduka kwa urahisi, kisha hupashwa motoni na kukandamizwa kwa vitu vizito hadi linyooke. Mchoraji huchukua brashi ya nywele chache za binadamu na kuvuta mstari mmoja baada ya mwingine kwa udongo mwekundu, wa manjano au mweupe. Mistari hiyo inayopishana, ambayo mgeni huiona kuwa nakshi, ni ya ukoo maalumu na hutaja mahali maalumu palipopitwa na wahenga wao, na asiye na haki napo haruhusiwi kuichora. Mnunuzi huondoka na gome. Haki ya kuchora hubaki kwa wenyewe.

Mwaka 1963, serikali ilipomega zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti, mawe yanayotoa alumini, Wayolngu wa kijiji cha Yirrkala walilipelekea Bunge ombi lililopigwa chapa kwa Kigumatj, lugha yao, na Kiingereza, likabandikwa kwenye magome yenye michoro ya koo zao pembezoni. Baadaye walikwenda mahakamani kudai ardhi hiyo, na mwaka 1971 Jaji Blackburn alikiri kwamba wana mfumo wao wa sheria, lakini akakataa kuuita uhusiano wao na ardhi umiliki. Hapo mwenzetu ana pa kusimamia, sibishi.

Lakini na atazame Blue Mud Bay, ghuba iliyo pwani ya Arnhem Land. Mwaka 1996 kichwa cha mamba kilichokatwa kilikutwa kwenye kambi ya wavuvi haramu, mahali patakatifu pa Mamba, mmoja wa wahenga wao. Wazee wakaitikia kwa kuchora magome 80 yanayoonyesha bahari ya kila ukoo, na makumbusho ya bahari ya taifa, Sydney, yakayanunua. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kuliko zote nchini humo, iliamua kwamba hakuna mvuvi anayeweza kuingia kwenye maji ya kupwa na kujaa juu ya ardhi yao bila idhini yao. Ni kweli kwamba hukumu iliegemea sheria ya ardhi ya 1976, wala si michoro. Hata hivyo magome yalikuwa yamekwisha kuuzwa, na hakuna aliyedai kwamba bahari iliuzwa pamoja nayo.