Databesi imekufa, stoo na madeni hazipatani tena. Naomba ushauri

PwezaMkavu: Assalaam aleykum wakuu. Niko Chake, duka la vifaa vya ujenzi. Tuna programu mbili: ya stoo inatoa ankara, ya madeni inashika namba ya ankara ijue nani anadaiwa nini. Jumamosi umeme umekatika, databesi ya stoo ikafa. Nimerudisha bekapu, imewaka, lakini madeni yanataja ankara ambazo stoo haizijui. Tajiri yuko Unguja, anarudi keshokutwa. Nifanyeje?

BiKarafuu: Pole mwanangu. Marehemu babangu kauza duka Wete maisha yake yote kwa daftari moja, na lilikuwa halizimiki.

Chukwani01: Umeme! 2008 Unguja tulikaa kiza mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, hadi Machi 2010. Na mimi biashara yangu barafu. Msiniulize.

FundiSeva: Bekapu ya lini?

PwezaMkavu: Ya karibuni tu.

FundiSeva: Sheikh, siku gani?

PwezaMkavu: Alkhamisi usiku.

FundiSeva: Na baada ya kuirudisha, mmeuza?

PwezaMkavu: Sasa duka lifungwe kwa ajili ya kompyuta? Jumapili na jana tumeuza kama kawaida.

FundiSeva: Basi hesabu ya ankara imerudi Alkhamisi na namba zimetoka mara mbili.

PwezaMkavu: Ndiyo ninayoyaona. 7214 kwenye madeni ni fundi wa Machomanne, mifuko 40 ya saruji. Kwenye stoo ni mwalimu wa skuli, makopo mawili ya rangi, kalipa taslimu. Nikaanza kufuta madeni yasiyolingana, kama 30 hivi. Si kosa, stoo ndiyo asili.

BiKarafuu: Umemsamehe mtu saruji ya tajiri? Hiyo ni dhulma, mwanangu.

FundiSeva: Acha kufuta! Madeni ndiyo pekee inayoikumbuka Ijumaa na Jumamosi. Zima zote mbili, nakili kila kitu kama kilivyo, hata mafaili ya ile iliyokufa. Kama databesi yenu ni ya aina ya MySQL na binlogi, yaani mafaili yake ya kumbukumbu za mabadiliko, ilikuwa imewashwa, kila badiliko limeandikwa humo: rudisha bekapu pembeni, kisha yarudie juu yake mabadiliko hayo hadi dakika umeme ulipokatika. Kama haikuwashwa, ziandike upya ankara za siku mbili hizo kutoka madeni na vishina vya risiti, maana mauzo ya taslimu hayamo kwenye madeni. Za Jumapili na jana zipe namba mpya kotekote, kisha hesabu iruke mbele, ianzie 9000.

MtotoWaForodhani: Wakuu hii chai. Mwezi uliopita huyu kaandika humu ana daladala ya Konde inakula oili.

PwezaMkavu: Ile ya shemeji yangu.

Chukwani01: Na shemeji naye kairudisha bekapu ya Alkhamisi? 😂

MtotoWaForodhani: Mwanafunzi huyo, anafanyiwa asaimenti.

FundiSeva: Chai au si chai, binlogi ilikuwa imewashwa?

PwezaMkavu: Hiyo inakaa folda gani? Maana jana diski ilijaa, nikafuta vitu vingi.