Ushauri: nitapimaje kama kuanguka kwa kazi za mizigo Mombasa kumewafanya watu watake mtawala wa mabavu?

Tasnifu_Jomvu
Salaam, wenzangu. Natayarisha dodoso. Nataka kujua kama waliopoteza kazi za malori na yadi za makontena tangu reli mpya ya SGR ianze kubeba mizigo 2018 wamezidi kujiona Wapwani kuliko Wakenya, na kama wamezidi kukubali rais asiyeulizwa. Nimepanga watu 120, Jomvu na Changamwe, nusu waliopoteza kazi na nusu wasiopoteza. Nirekebishe wapi?

Takwimu_Mvita
120 hawatoshi. Kwa 60 dhidi ya 60, tofauti ya asilimia 10 itakupita hata kama ipo. Kuikamata wataka kama 390 kila upande. Na ukihoji wanane wanane mtaa mmoja, majirani hufanana, basi ongeza theluthi: 520. Kama fedha hazipo, lenga tofauti ya asilimia 20, ambapo 125 kila upande wanatosha, na useme wazi kwamba tofauti ndogo hukuitafuta.

Afrobarometer, ule utafiti wa maoni ya wananchi Afrika, haitakuokoa. Sampuli yao ya Kenya kwa kawaida ni watu 2,400. Mombasa ni watu milioni 1.2 kati ya milioni 47.6 wa sensa ya 2019, hivyo mgao wake ni kama watu 60. Azima maswali yao tu.

Bi_Dodoso
Mimi naona kasoro kubwa iko kwenye mafungu yenyewe, maalim. Umetia hali ngumu kapu moja. Kuna aliyepoteza yeye, na kuna anayeona watu wake wamepokonywa. Runciman, mwanasosholojia Mwingereza, alitenganisha mambo haya 1966, na hilo la pili ndilo huchochea zaidi siasa za "sisi na wao". Uliza yote mawili: "Mwaka uliopita, ni mara ngapi mlikosa chakula, dawa au pesa nyumbani?" kisha, mbali kidogo, "Hali ya watu wa Pwani ni bora, sawa au mbaya kuliko ya wengine Kenya?"

Halafu usiwaache walio kazini. Ujerumani, Julai 1932, Wanazi walipata asilimia 37.3 ya kura, lakini wasio na kazi waliegemea zaidi Wakomunisti. Wanazi waliwavuta zaidi wenye vijiduka, mafundi na wakulima wadogo, watu waliokuwa bado na kitu cha kupoteza. Kwako huyo ni mwenye lori moja la mkopo, au turnboi aliyebakiwa na vibarua vya siku mbili kwa wiki. Na kwa kuwa agizo la mizigo kupanda reli liliondolewa 2022, waliorudi kazini ni kundi la peke yao.

Tasnifu_Jomvu
Shukran, dadangu. Mabavu nimeyapima kwa "mtoto mtiifu au mtoto anayejitegemea?"

Takwimu_Mvita
Hilo limezoeleka Marekani, kwamba apendaye utiifu kwa mtoto hupenda na mtawala wa amri. Hapa nani atasema hataki mtoto mwenye adabu? Jaribu na watu 30; jibu moja likizidi asilimia 85, swali hilo litupe. Wala usitumie "wakubali au wakataa". Kipimo cha kupenda mabavu cha Adorno na wenzake cha 1950 kiliharibiwa na hilo: kauli zote zilielekea upande mmoja, mtu wa kuitikia tu akahesabiwa mpenda mabavu. Na sisi kumkatalia mgeni aliyeketi barazani ni uzito. Mpe kauli mbili achague: "Rais afuate mahakama hata akiona imekosea" au "Rais asizuiwe na mahakama akiona imekosea."

Bi_Dodoso
Neno "Pwani si Kenya" lisionekane popote kwenye karatasi. Ni kaulimbiu ya MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililotaka Pwani ijitenge; lilipigwa marufuku 2010, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo 2012, lakini mtu akilisikia neno hilo hujifunga. Tumia ngazi tano, kuanzia "Mpwani tu" hadi "Mkenya tu".

Nusu ya madodoso yaanze na shida za nyumbani, nusu na siasa, maana mtu aliyetoka kuhesabu siku alizolala njaa hujibu siasa kwa hasira.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kionyeshe kwa chifu, lakini mzee wa mtaa akikusindikiza asiketi kwenye mahojiano. Swali la mwisho liwe: "Unadhani nani ametutuma?" Wanaosema serikali, wachambue kando.