Darasa la kwanza na la pili: siku ya KKK (Kusoma, Kuandika, Kuhesabu) inaendaje darasani? Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, habari za kazi. Uzi huu ni wa wanaofundisha darasa la kwanza na la pili. Tuweke namna: unaanza na nini, unatumia zana gani, watoto wanakwama wapi na kwa nini. Mambo ya mishahara yana nyuzi zake.

Chaki Nyeupe
Kusoma kuwe vipindi vya kwanza. Kipindi ni dakika 30, na mtoto wa miaka sita hawezi kukaa dakika zote hizo kwenye jambo moja. Zigawe: tano za kurudia ya jana, kumi za jambo jipya, kumi za wao kufanya, tano za kusikiliza wachache wakisoma.

Fundisha sauti, jina la herufi litakuja lenyewe. M ni "mmm", midomo imefungwa. Si "ma", si "em". Ukiwafundisha "ma", mtoto akikutana na "mi" atasoma "mai", na atakuwa amekufuata wewe. Tamka wakikuangalia mdomo. Taja maneno kadhaa, wapige kofi kila wanapoisikia sauti hiyo mwanzoni. Ndipo onyesha herufi, kisha iunganishe na irabu wanazozijua.

Herufi za mwanzo zichague kwa maneno zinayozaa. Ukiwa na a, i, u, m, k na t tu, tayari una mama, kaka, kuku, kiti, mti, mkia, taa. Mtoto anasoma neno zima mapema, anapata hamu.

Na jamani, ule wimbo wa "ba be bi bo bu"! Darasa linaimba, mthibiti ubora (mkaguzi wa shule) akipita anatabasamu, kumbe hakuna anayesoma. Ziandike kwenye kadi tano, zichanganye mezani, weka kidole kwenye "bu". Anayeanza na "ba" anaimba tu.

Bibi Silabi
Naongezea kwenye kupiga makofi, kofi moja kwa kila silabi, maana walimu wengi wanateleza hapa. "Mtoto" ni makofi matatu: m-to-to. "Mbuzi" ni mawili: mbu-zi. Lakini "mbwa" nalo ni mawili: m-bwa, na "nchi" ni n-chi. Mtoto akikataa kwamba "mbu" ina makofi mawili, mwache aitamke polepole, atausikia m ukisimama peke yake. Ukilazimisha "kila silabi ina irabu" utajifunga mwenyewe kwenye "mti" siku ya pili tu.

Kwenye maeneo ambako r na l zinaingiliana, tumia jozi zenye picha: kalamu na karamu, kula na kura. Tamka moja, mtoto anyanyue picha yake. Masikio yatangulie, asiyezitofautisha kwa kusikia hatazitofautisha kwenye imla.

Kijiti
Kuandika. Kuna mpangilio: hewani, mchangani, kwenye kibao, mwisho daftari. Ukiandika hewani, wape mgongo. Ukisimama kuwaelekea, d yako wao wanaiona b, halafu unashangaa wanazichanganya.

Hizo mbili usizifundishe wiki moja. b inaanza na fimbo kushuka, kisha tumbo. d inaanza na tumbo kama c, kisha fimbo. Mkono ukizoea mwanzo tofauti, jicho linafuata. Kunakili mstari mzima wa b hakusaidii kama mwalimu hakuona ya kwanza ilianzia wapi. Wengine huanzia chini kwenda juu, na ukitazama kwenye daftari inaonekana sawa kabisa.

Wa mkono wa kushoto mkalishe mwisho wa dawati upande wa kushoto, viwiko visigongane. Daftari lake liinamie kulia kidogo, na penseli aishike juu zaidi ili aone anachoandika.

Mwl wa Gredi One, Kenya
Huku kwetu mtoto anasoma Kiswahili na Kiingereza kwa wakati mmoja, kwa hivyo tatizo kubwa ni irabu. Akitoka somo la Kiingereza, "meza" inakuwa "miza". Dawa ni kadi za rangi mbili, kila lugha na rangi yake, na dakika mbili za a e i o u kabla ya kufungua kitabu cha Kiswahili. Msipange masomo hayo mawili yafuatane kama ratiba inaruhusu.

Vizibo na Vijiti
Hesabu ndiyo inayoanguka kimyakimya. Kila kikundi cha watoto watano kipewe vijiti 100: mafungu tisa ya kumi yaliyofungwa mpira, na kumi vilivyo huru. Mafungu wayafunge wenyewe, maana aliyeletewa fungu tayari hajui ndani mna kumi.

Kosa la kwanza: unataja "ishirini na tatu", anaandika 203. Ameandika alichosikia, 20 kisha 3. Kata kadi za manila: 20 iwe na upana mara mbili ya 3. Kadi ya 3 ailalishe juu ya sifuri. Atacheka, na ataelewa.

Kosa la pili: 32 − 7 anapata 35, kwa sababu anatoa kidogo kwenye kikubwa, 7 toa 2, bila kujali kipi kipo juu. Usikimbilie "kukopa". Mpe mafungu matatu na vijiti viwili, mwambie atoe saba. Atakwama, na hapo ndipo pa kumwambia afungue fungu moja. Ana makumi mawili na vijiti kumi na viwili. Akitoa saba zinabaki 25. Afanye hivyo kwa vijiti siku kadhaa kabla ya kuona alama yoyote ubaoni.

Ukihesabia vizibo vya soda, vipondwe kingo kwa nyundo, vinakata vidole.

Mleta mada
Asanteni walimu wangu. Vipi darasa la watoto 90? Vijiti peke yake vinakula nusu ya kipindi.

Chaki Nyeupe
Kila kikundi kopo lake, kiongozi mmoja ndiye anayeinuka, na kopo linarudi limehesabiwa. Weka penseli kumi zilizochongwa mezani pako: iliyovunjika inabadilishwa, haichongwi wakati wa kipindi. Usisahihishe umekaa, foleni itakumaliza. Zunguka na kalamu. Kumsikiliza mmoja mmoja, watano kwa siku; 90 wanaisha kwa siku 18 za shule. Andika jina na silabi aliyokwama, basi.

Mama Kadi
Maharage yanafaa badala ya vizibo?

Vizibo na Vijiti
Hapana dada. Yanaingia puani na masikioni, na ya puani yanavimba. Tumia kokwa za embe zilizokauka, au vijiti tu.