Mnaosambaza "adabu za zamani", mbona ukurasa wa wavulana mnauficha?

Wakuu, hili limenikaa kooni tangu juzi, acha nilitoe.

Kuna picha ya ukurasa wa kitabu cha kale inazunguka kwenye magrupu: mawaidha kwa binti mwenye heshima. Usicheke kwa sauti. Usijionyeshe kuwa unajua. Mjomba wetu mmoja kamtumia mdogo wangu wa kike, mbele ya ukoo mzima, kwa kosa la kumsahihisha hesabu ya michango. Chini akaandika, "Zamani watu walikuwa na adabu." Wakubwa wakamuunga mkono. Binti akajitoa kwenye grupu.

Sasa hiyo zamani mimi nimeisoma.

Mwaka 1774 Uingereza zilitoka nasaha za baba wawili, wote walikuwa wamefariki mwaka mmoja kabla. Mmoja ni John Gregory, daktari wa Edinburgh, aliyewaandikia binti zake waliofiwa na mama. Anawaambia kama wana elimu yoyote waifiche, hasa wanaume wasijue. Hata akili ya kawaida waitoe kwa tahadhari. Na afya pia! Binti mwenye afya njema asiitangaze, kwa kuwa watu wamezoea kuona ulaini wa kike umeambatana na mwili dhaifu. Daktari anasema hivyo. Nilisoma mara mbili nikihisi nimekosea.

Wa pili ni Lord Chesterfield, mwanasiasa wa tabaka la juu wa Uingereza, na barua zake ni kwa mwanawe wa kiume, aliyezaliwa nje ya ndoa. Huyu kijana anahimizwa asome, asafiri, ajifunze lugha, asafishe meno na kucha. Sawa, nasaha nzuri hizo. Halafu baba huyohuyo anamsukuma, akiwa Paris, atafute uhusiano na wanawake wa tabaka la juu, wake za watu, ili wamnoe awe mtanashati wa mazungumzo. Samuel Johnson, mwandishi maarufu wa Kiingereza wa enzi hiyo, alisema wazi kwamba barua hizo zinafundisha maadili ya kahaba. Na lile la kucheka kwa sauti? Chesterfield alimkanya mwanawe wa kiume kabisa, akaita ni dalili ya upumbavu. Mbona hilo leo hapewi mvulana hata mmoja?

Tena ukirudi nyuma zaidi, kitabu cha adabu cha Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, cha mwaka 1530, kilichosomwa Ulaya nzima, kiliandikwa kwa ajili ya wavulana: namna ya kupenga kamasi, kutazama watu, kukaa mezani. Wao ndio walioonekana wanahitaji kufunzwa.

Msiniambie eti wakati ule hakuna aliyepinga. Mwaka 1792 Mary Wollstonecraft, mwandishi Mwingereza aliyetetea haki za wanawake, alimjibu Gregory kwa jina, akisema anawafundisha mabinti unafiki, kuficha hisia za kweli ili wapendeze. Zaidi ya miaka 200 imepita na sisi bado tunairusha ile picha kwa binti aliyejumlisha vizuri.

Mimi sipingi adabu. Heshima kwa wakubwa nimelelewa nayo na nitawalea wanangu nayo. Ninachokataa ni kuchukua ukurasa mmoja, kuufanya fimbo ya msichana, na kuuita historia.

Anayetaka kuituma tena aambatanishe na za wavulana. Na mjomba amwombe radhi mdogo wangu palepale alipomsema, mbele ya watu walewale.